Kisima cha uani Kibuli: hoja za wanaotaka na wanaokataa

Jirani yangu hapa Kibuli, Kampala, amechoka. Bomba likikauka anawalipa vijana wa jerikeni, likirudi bili inamsubiri. Sasa anataka kuchimba kisima kirefu nyuma ya nyumba, na mtaa mzima umegawanyika.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana wabishi wengi wanairuka. Ukichimba msingi juu ya vilima vya Kampala, sururu hugonga kwanza murramu, lile gamba jekundu lenye chuma. Chini yake kuna udongo laini, mwamba uliooza kwa muda mrefu sana, ambao unaweza kwenda chini makumi ya mita. Ndipo unafika kwenye mwamba mzima. Huko hakuna mto wa siri kama wanavyosimulia wenye mitambo ya kuchimba. Maji yamejificha kwenye mipasuko ya mwamba na kwenye ule udongo uliooza juu yake. Ukiukosa mpasuko unaweza kukosa maji, hata kama jirani wa hatua hamsini ameyapata. Mkataba alionionyesha jirani yangu unadai malipo kwa mita, yatoke maji au yasitoke.

Hata hivyo wanaomuunga mkono hawasemi ovyo. Maji ya bomba ya mtambo wa Ggaba huvutwa kutoka ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ghuba ileile inayopokea mfereji wa Nakivubo, ule wa maji machafu ya jiji unaopita hapo chini Namuwongo. Husafishwa, ndiyo, lakini kusafisha kuna gharama na gharama hiyo inatufuata kwenye bili. Kisima kirefu ambacho nafasi inayozunguka bomba lake imezibwa vizuri kwa saruji sehemu ya juu hupata maji yaliyokwisha kuchujwa na udongo. Tena watafiti waliochunguza chemchemi za Kampala na kuchapisha matokeo mwaka 2003 waliona kwamba kilichochafua zaidi ni mvua iliyosomba uchafu wa juu ya ardhi na kuuingiza haraka kwenye chemchemi zilizojengwa ovyo, kuliko vyoo vya shimo. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini watafiti hao walikuwa wakitafuta vijidudu. Nitrati ni habari nyingine. Hutoka kwenye kinyesi na mkojo, huyeyuka na kuzama taratibu pamoja na maji, na kuchemsha hakuiondoi. Ukichemsha, maji yanapungua na nitrati inabaki palepale, yaani umeikoleza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Mama anayechemsha maji kwa bidii asubuhi na jioni hana habari.

Halafu kuna chuma. Maji ya visima vingi vya miamba yetu hutoka meupe kama kioo, ukiyaacha kwenye jerikeni usiku kucha asubuhi yana rangi ya kutu. Ukipikia chai, inakuwa nyeusi kama wino, na kanzu nyeupe ya Ijumaa haitakusamehe. Hayo hayaui mtu, ila yanafukuza wapangaji.

Sheria nayo. Hati ya ardhi anayo, lakini Sheria ya Maji ya Uganda inaiachia serikali haki ya kusimamia maji yaliyo chini, na kisima cha pampu ya mota kinahitaji kibali. Wengine wanaona huo ni usumbufu wa ofisini. Mimi naona una maana: mpasuko mmoja unaweza kupita chini ya viwanja vitano, na shimo la choo la mmoja ni kisima cha mwingine.

Kwa kufua, kudeki na kumwagilia bustani, ningemwambia achimbe. Kwa kunywa, hapana, mpaka maji yapimwe mara mbili: mwisho wa kiangazi ajue kama yanatosha, na baada ya mvua za Aprili ajue yamechukua nini njiani.

Jana tulipima kwa kamba. Kanuni inayofundishwa sana ni mita 30 kati ya choo na kisima. Kiwanja chake ni futi 50 kwa 100, yaani upana wa mita 15 na urefu wa mita 30. Nyumba imekula katikati, na choo chake kiko kona ya nyuma. Mahali pekee mtambo unapoweza kusimama ni karibu na ukuta wa juu, na nyuma ya ukuta huo, hatua saba tu, kuna choo cha wapangaji wa jirani.