Albamu za mseto: nani amechagua, na nani ameachwa nje?

Wapo wapenzi wa muziki wasiotaka kabisa kusikia habari za albamu ya mseto, ile inayokusanya nyimbo za wasanii mbalimbali chini ya jalada moja. Hoja yao ina uzito. Msanii anapoandaa albamu huamua wimbo upi utangulie na upi ufunge, wapi achangamshe na wapi atulize. Ukiuchomoa wimbo mmoja na kuubandika kati ya nyimbo za watu asiowajua, umeupokonya majirani zake. Kwao, mseto ni muziki wa mtu mwenye haraka.

Mimi nazitetea albamu hizi, lakini kwa masharti.

Kwanza, hoja hiyo inasahau kwamba sehemu kubwa ya muziki uliowahi kurekodiwa haikuzaliwa ndani ya albamu. Santuri ndefu ya LP ililetwa sokoni na Columbia mwaka 1948. Kabla yake, na kwa miaka mingi baada yake katika nchi nyingi, muziki uliuzwa kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, kama dakika tatu hivi. Bendi nyingi zilirekodi santuri mbili tatu zikavunjika. Nyimbo za aina hiyo hazina albamu ya kurudishwa. Zisipokusanywa na mtu mwingine zitabaki kwenye masanduku ya wakusanyaji hadi santuri zenyewe zichakae.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Anthology of American Folk Music, iliyotolewa na lebo ya Folkways mwaka 1952: santuri sita, nyimbo 84, zote zikiwa zimeteuliwa na Harry Smith kutoka katika hazina yake mwenyewe ya santuri kuukuu. Smith alijiwekea mipaka na akaitaja waziwazi. Alianzia 1927, wakati kurekodi kwa umeme kulipowezesha sauti kunaswa kwa usahihi, akaishia 1932, mdororo mkuu wa uchumi ulipoyaangusha mauzo ya santuri za watu wa kawaida. Hakuzipanga kwa tarehe. Alizigawa katika mafungu matatu: tenzi za masimulizi, muziki wa dansi na ibada, na nyimbo nyinginezo. Wala hakueleza mwimbaji yupi ni mweusi na yupi ni mzungu, ilhali kampuni zilizorekodi nyimbo hizo ziliwauza katika orodha tofauti kabisa. Msikilizaji akaachwa na sauti tupu, na sauti zikaonyesha undugu ambao biashara ilikuwa imeuficha.

Kati ya waliomo ni Mississippi John Hurt. Alirekodi mwaka 1928, santuri zake hazikupata soko la maana, akarudi kulima. Nyimbo zake mbili kwenye mseto ule zilimfikisha masikioni mwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa aliporekodi. Mwaka 1963 alitafutwa na kupatikana akiwa bado anaishi Mississippi, na mwaka huohuo akapiga gitaa lake kwenye tamasha la muziki wa kiasili la Newport. Alifariki 1966, lakini miaka ile mitatu ya mwisho alisikilizwa na umati ambao hakuwahi kuupata ujanani. Hapa ndipo ulipo utamu wa mseto. Albamu ya msanii unaitafuta kwa jina. Mseto unakukutanisha na mtu ambaye jina lake hukuwa nalo, kwa hiyo usingeweza kumuulizia.

Hata hivyo, albamu hiyohiyo inaonyesha ubaya wa jambo hili. Smith alichagua kutoka santuri za biashara tu, kwa hiyo ambaye hakuwahi kuitwa studio hakuwamo. Nyimbo za Kihispania hazimo. Za wenyeji asilia wa Marekani hazimo. Lakini jalada lilisema muziki wa kiasili wa Marekani, na vizazi vya wanamuziki waliojifunza kutoka kwake vikauchukua uteuzi wa mtu mmoja kuwa ndiyo nchi nzima. Sioni kosa katika kuacha. Nyimbo 84 haziwezi kubeba kila kitu. Tatizo ni kwamba kilichoachwa hakionekani kuwa kimeachwa. Baada ya muda kinaonekana hakikuwahi kuwapo.

Nguvu hiyo inaweza hata kuumba aina ya muziki baada ya wenyewe kutawanyika. Mwaka 1972 lebo ya Elektra ilitoa Nuggets, nyimbo 27 za bendi za Marekani za kati ya 1965 na 1968, zilizochaguliwa na Lenny Kaye. Nyingi zilikuwa bendi za vijana waliotamba kwa wimbo mmoja au miwili kisha wakapotea. Hazikujiona kama kundi moja. Aliyezifanya kundi ni Kaye, na vijana wa miaka iliyofuata wakaufuata muziki huo kama mtindo kamili, wenye sheria zake.

Mfano unaonigusa zaidi ni Éthiopiques, mfululizo ulioanzishwa na Mfaransa Francis Falceto kupitia lebo ya Buda Musique miaka ya 1990. Ndani yake zimo rekodi za Addis Ababa za mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya 1970, zile za tarumbeta, ogani na sauti zinazopanda na kushuka kwa ngazi za muziki za Kiethiopia. Bila kazi hiyo, wasikilizaji wengi nje ya Ethiopia wasingemjua Mahmoud Ahmed wala Mulatu Astatke. Nasema hivyo kwa shukrani ya kweli. Lakini kwa wengi huko nje, muziki wa Ethiopia sasa unaishia pale Derg, utawala wa kijeshi, uliposhika hatamu mwaka 1974, kana kwamba baada ya hapo watu waliacha kuimba. Kuita kipindi fulani cha dhahabu ni kukishusha hadhi kila kinachokifuata, hata kabla hakijasikilizwa.

Kisha kuna suala la majina, na hapa sina subira. Santuri za dhahabu zilizobebwa na vyombo vya anga vya Voyager 1 na 2 mwaka 1977 zina muziki wa takriban dakika 90 kutoka pande nyingi za dunia, na kwa kweli ni albamu ya mseto kama nyingine. Katika orodha rasmi Chuck Berry ana jina lake, Blind Willie Johnson ana jina lake. Wimbo wa unyago wa wasichana wa msitu wa Ituri umeandikwa kwamba ulirekodiwa na Colin Turnbull. Ngoma za Senegal, kwamba zilirekodiwa na Charles Duvelle. Aliyeshika kinasa sauti ametajwa. Walioimba na kupiga hawakutajwa. Albamu ngapi za muziki wa vijijini zimefanya hivyohivyo, na zinaendelea kuuzwa?

Fedha nazo hufuata njia ileile. Kwa kawaida mrabaha wa mseto hugawanywa kwa idadi ya nyimbo, na fungu la kila wimbo huenda kwanza kwa mwenye rekodi, yaani lebo. Msanii aliyelipwa mara moja siku ya kurekodi hapati kitu, hata wimbo wake ukiwa ndio unaoiuza albamu.

Miseto ya vibao vinavyotamba ni habari nyingine, na haihitaji maneno mengi. Mwaka 1983 EMI na Virgin ziliunganisha hazina zao Uingereza na kutoa Now That's What I Call Music ya kwanza, nyimbo 30. Albamu za namna hiyo zilitawala mauzo hivi kwamba Januari 1989 zilitengewa chati yao. Ni njia halali ya kupata vibao vya msimu kwa bei ya albamu moja. Ila jalada linaloahidi nyimbo bora za muongo fulani mara nyingi lina nyimbo ambazo wenye haki walikubali kutoa kibali. Vigogo wanaokataa hawamo, na hakuna anayekuambia. Zamani hila zilikuwa mbaya zaidi. Albamu za Top of the Pops za lebo ya Hallmark ziliimbwa na waimbaji wa studio wasiotajwa, wakiiga vibao vya wengine, na mwaka 1971 mbili kati yake zilifika kileleni mwa chati ya Uingereza. Wengine walizibana nyimbo 20 kwenye santuri moja kwa kuzikata, kwa sababu upande wa LP ukizidi dakika ishirini na kitu sauti hupungua nguvu na besi hufifia.

Leo kazi hii imechukuliwa na orodha za nyimbo za mitandao ya kusikiliza muziki, na wengi wanasema mseto umekufa. Sikubali kwamba hizo ni kitu kilekile. Orodha inabadilishwa usiku, haina kijitabu cha maelezo, mara nyingi haina jina la aliyechagua, na kibali cha wimbo kikiisha wimbo unatoweka bila taarifa. Smith na Falceto tunaweza kubishana nao kwa sababu waliweka majina yao na sababu zao mbele yetu. Anayetoa mseto leo, wa santuri au wa faili, anatakiwa kuandika nani anapiga nini, wapi na lini palirekodiwa, haki zilitoka kwa nani, na nyimbo zipi alizitaka akazikosa. Kurasa nne za kijitabu zinatosha.