Jamani, sikumzalisha mtu kwenye Zoom

Naandika haya kwa sababu shoga yangu wa zamu ya usiku ameshanimaliza. Karusha sauti ndefu kwenye kundi letu la leba, eti nimemzalisha mtu kwenye Zoom, na mpaka jana jioni ilikuwa imefika wodi ya watoto, famasi, hadi kwa fundi wa jenereta, ambaye asubuhi hii kanisimamisha getini akaniuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Hakuna mtoto. Aliyekuwa na maumivu ni mdogo wangu wa mwisho, ana ndevu, na kilichokuwa tumboni mwake ni chipsi mayai za kijiwe cha stendi.

Haya, sogeeni niwape ya kweli.

Mnajua nilivyoihangaikia hii masta ya ukunga. Mmenisikia humu nikilia na transkripti, na kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na barua za wadhamini wawili, na kontroo namba iliyokuwa ikigoma kila nikiwa na hela. GPA yangu imeivuka ile 2.7 wanayoitaka kwa unyayo mmoja, kwa hiyo tumaini langu lote lilikuwa kwenye andiko la utafiti. Na andiko langu lilikuwa zuri, nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema baada ya haya. Linahusu staha kwa mama anayejifungua. Lugha tunayomtolea mama akiwa kitandani. Yale maneno ya "wakati unafanya raha zako ulinishirikisha?" na kofi la paja. Nilitaka kwenda kuyachimba, nijue yanatoka wapi na yanakomaje.

Nikapanga vizuri. Tamko la WHO la 2014 la kupinga akina mama kudhalilishwa wakati wa kujifungua, nikaliweka. Watafiti Bowser na Hill wa 2010 na mafungu yao saba ya udhalilishaji, nikayaweka yote. Utafiti wa Korogwe na Muheza, kule Tanga, nikauweka. Nikashinda nausoma mpaka dogo akawa anaweza kunisahihisha.

Basi. Siku ya usaili natoka zamu ya usiku, na usiku huo leba haikulala. Usaili saa nne asubuhi, kwa Zoom. Nafika nyumbani namkuta dogo kajikunja kitandani kwake, rangi imemtoka. Usiku kala hizo chipsi, alfajiri zikaanza kumdai. Nikamtazama haraka haraka: homa hana, damu hakuna, anakunywa. Nikamchanganyia ORS, paketi moja kwa lita moja ya maji, nikamwekea ndoo, nikamwambia, "Mdogo wangu, nakuomba saa moja tu ya utulivu, dada yako aingie chuo." Akaitikia vizuri kabisa.

Kwetu tumepanga, vyumba viwili vinatazamana, katikati pazia. Choo kiko uani, cha wapangaji wote. Hilo la choo lishikeni, lina kazi mbele.

Nikaketi mezani. Nikajiunga. Ikatokea ile ya subiri, mwenyeji wa mkutano atakuruhusu kuingia. Nikaona isiwe tabu, nikafungua andiko langu kwenye skrini nijikumbushe, likafunika Zoom yote. Waliowahi kufanya usaili wa hivi mmeshaanza kushika vichwa. Subirini.

Nikaanza kusoma kwa sauti, kwa sababu mimi bila sauti haviingii. "Kila mama anayejifungua ana haki ya kuhudumiwa kwa staha na utu..."

"Daaaada. Nakufa mimi."

"Hufi. Kunywa ORS. ...kwa staha na utu, bila kujali hali yake..."

"Mamaaaa!"

Na hapa nikiri kitu cha kikazi: yule mtoto alikuwa anaugulia kwa mpangilio. Yanakuja, yanapanda, yanakaa, yanashuka, anapumzika. Mkono wangu bila kutumwa ukaenda kwenye saa. Mara tatu ndani ya dakika 10, kila moja si chini ya sekunde 40. Mkunga mwenzangu, wewe ungefanyaje? Ubongo uliokesha leba ukasikia mlio wa leba, basi ukavaa aproni wenyewe.

"Wee! Kelele! Wakati unajifakamia jana ulinishirikisha? Leo ndio unajua una dada?"

Nikarudi kwenye andiko. "Fungu la nne, lugha isiyo na staha..."

"Dada njoo unishike tumbo."

"Siji! Nina mambo ya maana hapa. Jihudumie." Nikasoma, "Kutelekezwa wakati wa huduma..."

"Hii dawa chungu, sitaki."

"Sijakuuliza kama unataka! Nikija huko nakushika pua nakumiminia." Halafu, kwa sauti ya mtangazaji, "Huduma bila ridhaa..."

"Uuuuwi!"

"Wanaume bwana! Tumbo la kuendesha tu umejaza mtaa. Mwanamke angekuwa ameshanyamaza anafua. Ukipiga tena hiyo kelele nakuja kukuzaba kofi la paja, umenisikia? Na leo hutoki humu ndani mpaka unirudishie elfu kumi yangu ya Luku!"

Kimya. Dogo kanyamaza. Nikavuta pumzi, nikapanga karatasi zangu, nikajisemea, sasa ndio tumeelewana.

Ndipo laptopu ikakohoa.

Nawaomba mnielewe. Haikulia kengele, haikutoa ule mlio wa kuingia mtu. Ilikohoa. Kikohozi cha mtu mzima, kile kikavu, cha kubisha hodi. Nikaitazama. Nikadhani redio ya jirani. Halafu sauti ya mama mmoja, ya taratibu, yenye upole wa kutisha, ikasema:

"Sista, pole na kazi."

Vidole vyangu vikaenda kupunguza lile andiko. Niliona mkono unakwenda, niliona unafika, na nilitamani usifike. Andiko likashuka. Nyuma yake watu watatu wananitazama: Profesa, mama wa makamo, miwani kaishusha puani, pembeni daktari mmoja wa kiume kashika kalamu hewani, na kijana wa kuandika kumbukumbu ambaye kamera yake ilizimika palepale, na mpaka leo najua alizima acheke. Na kwenye kona, kwenye kijisanduku kidogo, kuna mwanamke kanyanyua kidole cha kutishia, mdomo wazi. Ni mimi.

"Shikamoo Profesa," nikasema. Kidole bado kiko juu.

"Marahaba. Tupo na wewe tangu 'kila mama ana haki'. Tulikuita, hukutusikia." Akanyamaza kidogo. "Huyo mama amefunguka sentimita ngapi?"

"Si mama, Profesa. Ni mdogo wangu. Wa kiume."

Daktari akashusha kalamu. "Wa kiume?"

"Kala chipsi mayai."

Profesa akaandika kitu. Naapa aliandika. Kisha akasema, bila kucheka hata kidogo, "Nimelisoma andiko lako. Mafungu saba. Na nimekuwa nikifuatilia hapa, nimehesabu sita. Lugha, kutelekezwa, bila ridhaa, ubaguzi, la kumzuilia kwa deni ndilo limenifurahisha, watu wengi hulisahau..."

"Kupigwa alikuwa bado, Profesa," daktari akadakia. "Ametishiwa tu. Tishio linaingia?"

"Linaingia."

"Kwa Bowser na Hill lenyewe hasa?"

Jamani wakaanza kubishana. Kitaaluma kabisa. Watu wawili wenye vyeti vyao wanajadili kama kofi la paja la dogo liliingia kwenye fungu la kwanza, la kipigo, au la nne, la lugha, na mimi nimekaa pale nasubiri ardhi ipasuke. Nikaona hapa nafasi imekwenda, lakini angalau niondoke na heshima kidogo. Nikafungua mdomo nieleze kuwa yale yalikuwa ya ndugu kwa ndugu, kazini mimi siko hivyo.

Pazia likatikisika.

"Dada! Dada inasukuma! Siwezi kuzuia, inasukuma!"

Na mimi nilijua choo kina mtu. Mpangaji wa chumba cha nne, akiingia na simu yake hatoki. Hayo yote yalipita kichwani kwa sekunde moja, lakini kilichotoka mdomoni hakikupita kichwani popote. Kilitoka moja kwa moja leba:

"USISUKUME! Bado! Pumua kwa mdomo! Haa, haa, haa, fuata mimi! Haa, haa..."

Nikampumulia. Mbele ya jopo. Kwa moyo wangu wote, mabega yanapanda na kushuka.

Dogo hakufuata. Dogo alitoka mbio, na njia ya uani inapita nyuma ya kiti changu. Akapita mbele ya kamera kajifunga kanga yangu tu, mkono mmoja tumboni, mwingine nyuma, na kwenye ile kanga maandishi yakasomeka vizuri kabisa maana alikuwa anapita ameinama: YANGU YANAKUHUSU NINI.

Mlango ukabamizwa. Nikageuka kwenye skrini. Profesa kavua miwani, anaifuta.

"Faragha," akasema. "Saba."

Usaili wenyewe ulikuwepo, msidhani haukuwepo. Daktari akaniuliza ule mwongozo wa WHO wa 2020 wa kufuatilia uchungu, LCG, una tofauti gani na partografu, ile chati ya uchungu tuliyoizoea. Nikamwambia hatua ya uchungu kamili sasa inahesabiwa kuanzia sentimita 5, si 4, na ile mistari ya tahadhari na hatua imeondolewa, na kuna sehemu nzima ya kumjali mama: ana msindikizaji, kapewa cha kutuliza maumivu, anakunywa, yuko mkao gani. Nikaona anaelekea kuuliza. Akaghairi. Alikuwa na utu yule baba, alijua dogo hana msindikizaji, dawa hana, kinywaji kwa kushikwa pua, na mkao tumeuona wote.

Kisha Profesa akaja na Korogwe na Muheza. Akasema, pale akina mama walipoulizwa wakitoka tu kituoni, waliosema wamedhalilishwa walikuwa kama 19 kwa mia. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, wakafika 28. Kwa nini?

Hili nililijua usingizini. Nikajibu kwa kujiamini, nyonga zimerudi mahali pake. Kwamba mama akiwa bado getini, wauguzi wanamwona na wanamsikia. Ana mtoto mchanga, anajua kesho atarudi kwa chanjo kwa watu walewale. Tena wakati ule ana furaha ya kutoka salama, anasamehe. Akifika kwake, kidonda kinapoa na maneno yanamrudia.

"Vizuri," Profesa akasema. Na hapohapo dogo anarudi, kalegea, kanga kaishika kwa mkono. "Tunaweza kumuuliza mgonjwa?"

Ningesema nini? Nikageuza laptopu.

"Kijana, pole. Dada yako amekuhudumiaje leo?"

Dogo akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natabasamu, ila lile tabasamu analijua tangu utoto.

"Amenihudumia vizuri sana," akasema. "Sina malalamiko yoyote."

Daktari akainama chini ya meza. Kuna kitu kilimdondokea, nadhani, kwa sababu alikaa huko muda.

"Asante, Sista," Profesa akasema. "Ukimaliza, mfuatilie na nyumbani."

"Hapa ndiyo nyumbani, Profesa."

"Basi mpe mpaka jioni."

Mengine mafupi. Tukaagana, nikafunga laptopu, nikalala chini kwenye sakafu. Adhuhuri dogo kapona, kala wali maharage sahani mbili. Jioni kaenda kijiweni, na huko akawaeleza kila kitu, na chumvi: kwamba nilimziba mdomo, kwamba nilimwita mzembe mbele ya maprofesa, kwamba nilimfungia mlango. Kijiweni alikuwepo kaka wa shoga yangu. Mengine mnayo kwenye sauti.

Majibu ya chuo kwenye mfumo bado yanasoma "inashughulikiwa". Ila juzi imekuja barua pepe fupi: nirekebishe andiko kipengele cha ukusanyaji wa data, akina mama wahojiwe majumbani, si wakiwa bado kituoni, na niongeze kundi la wahudumu wenyewe, waeleze uchovu wa zamu unavyowabadilisha. Hakuna anayemsumbua mtu kurekebisha andiko asilolitaka, au nimekosea? Waliopita njia hii niambieni, lakini taratibu.

Ada ya mwaka wa kwanza sijaifungua kuitazama. Nasubiri niwe na mtu mwingine ndani, maana presha ikipanda wa kunihudumia hapa ni dogo peke yake, na bado ananidai staha, mimi namdai elfu kumi.