Mtihani Haukumpandisha Gavana

Kuna usemi unanikera kila unaporudiwa: kwamba China ya makaizari ilikuwa nchi ya mtihani, mtoto wa mkulima akisoma na kufaulu anapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka anakuwa gavana wa jimbo. Usemi huo hutolewa kama mfano wa kuigwa, na wanaoutoa huwa hawajataja hata gavana mmoja kwa jina. Mtihani ulimwingiza mtu kazini. Baada ya hapo kulikuwa na safari ya miaka mingi ambayo mtihani haukuwa na kauli tena. Kauli ilikuwa ya taarifa: zile alizoandika mtu juu ya kazi yake mwenyewe, na jinsi kaizari alivyozisoma.

Tuishike enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa makaizari wa China, maana ndiyo iliyoacha kumbukumbu nyingi zaidi. Madaraja ya maafisa yalikuwa 9, la 1 likiwa la juu kabisa. Mkuu wa wilaya alikuwa daraja la 7, mshahara wake taeli (kipimo cha uzito wa fedha) 45 kwa mwaka. Wengi walifika hapo wakakwama maisha yao yote. Aliyebahatika alipita kwa mkuu wa mkoa, kisha msimamizi wa kanda, kisha mkuu wa sheria wa jimbo, kisha mweka hazina wa jimbo, ndipo ukaja ugavana, na juu yake gavana mkuu, ambaye aghalabu alishika majimbo mawili au matatu. Magavana wengi hawakuanzia chini kabisa. Walitoka wizarani Beijing wakashushiwa moja kwa moja mkoani au kwenye kanda, hasa Wamanchu, kabila la makaizari wenyewe.

Sasa tazama mihuri. Mweka hazina na gavana walikuwa daraja lile lile: la 2, ngazi yake ya chini. Lakini muhuri wa mweka hazina ulikuwa wa mraba, na wa gavana ulikuwa wa mstatili. Mraba ni wa ofisi ya kudumu; mstatili ni wa mtu aliyetumwa. Ugavana ulianza enzi ya Ming, iliyotangulia Qing, kama ujumbe: mwaka 1430 kaizari alimtuma afisa Yu Qian kusimamia Henan na Shanxi, akakaa huko miaka zaidi ya 15. Kazi ikawa ya kudumu lakini muhuri haukubadilika, na kwangu muhuri huo unasema kweli kuliko vitabu vingi. Gavana alibaki kuwa mjumbe, na mjumbe hupandishwa na aliyemtuma.

Kaizari Yongzheng wa Qing, aliyetawala kuanzia mwisho wa 1722 hadi 1735, hakulificha jambo hilo. Magavana wake watatu aliowapenda kuliko wote ni Ortai, Tian Wenjing na Li Wei, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shahada ya juu ya mtihani. Li Wei aliingia utumishi kwa kununua cheo. Ortai alipita umri wa miaka 40 akiwa bado afisa wa kawaida katika idara ya nyumba ya kaizari. Mwaka 1723 akafanywa mweka hazina wa Jiangsu, 1725 akawa gavana, na 1726 alikuwa gavana mkuu wa Yunnan na Guizhou. Miaka mitatu tu! Kilichompandisha ni barua. Gavana aliandika kwa mkono wake, akaifunga barua ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo wa pili ulikuwa kwa kaizari. Kaizari alijibu kwa wino mwekundu kati ya mistari, barua ikarudi kwa gavana ikasomwa, kisha gavana alilazimika kuirudisha ikulu. Mtu anayeandikiana hivyo na bosi wake kwa miaka mitano anajulikana kuliko mwenye cheti chochote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shahada ilisaidia. Lin Zexu alifaulu mtihani wa juu mwaka 1811, na bila hiyo asingeingia Chuo cha Hanlin, chuo cha wasomi wa kaizari. Lakini hata yeye alikuwa gavana mwaka 1832, miaka 21 baadaye, na katikati alipoteza miaka mingi kwa matanga: mama alifariki 1824, baba 1827, na afisa Mhan (Mchina asiye Mmanchu) aliyefiwa na mzazi aliacha kazi kwa miezi 27. Hakuna mtihani uliohesabu hilo.

Adhabu nazo zilikuwa za hesabu. Kosa dogo lilimpa mtu kukatwa mshahara wa miezi kadhaa, kubwa zaidi kushushwa daraja, na sifa zilizorekodiwa zilifuta makosa: nyongeza ya daraja moja ilifuta kushushwa daraja moja. Ila mshahara rasmi wa gavana ulikuwa taeli 155, ilhali posho ya kumtunzia uadilifu ilikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Kukatwa mshahara hakukumuuma mtu. Kilichouma ni kaizari kuacha kukuamini.

Ndiyo maana lazima nimtaje Chen Hongmou. Mzaliwa wa Guangxi, alifaulu mwaka 1723, akahudumu zaidi ya miaka 30 katika majimbo 12, na Shaanxi peke yake aliishika mara nne. Akiwa mweka hazina wa Yunnan aliandika kwamba mashamba mapya yaliyotangazwa Guangxi hayakuwepo. Gavana wa huko, Jin Hong, alikuwa ameruhusu maafisa waliofukuzwa warudishiwe vyeo kwa kufungua mashamba, na mashamba yakafunguliwa kwenye karatasi, kodi ikawaangukia wakulima waliokuwepo. Chen aliandika tena Qianlong, kaizari aliyemfuata Yongzheng, alipokaa kitini. Jibu lilikuwa kwamba mtu wa Guangxi asiendelee kusemea mambo ya Guangxi, na akateremshwa mpaka msimamizi wa kanda ya Tianjin. Uchunguzi ukaja kuthibitisha maneno yake. Mwaka 1741 alikuwa gavana. Baadaye kaizari alimwamini hata akamvunjia kanuni ya afisa kutohudumu jimboni kwao, akampa ugavana mkuu wa Guangdong na Guangxi. Mfumo ulijirekebisha, nakubali. Ulijirekebisha kwa mtu mmoja aliyekubali kuteremshwa.

Gansu haikupata mtu huyo, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Mwaka 1774 jimbo hilo kavu liliruhusiwa tena kuuza hadhi ya uanafunzi wa chuo cha dola kwa nafaka, ili maghala yajae kwa ajili ya njaa. Mweka hazina mpya, Wang Danwang, akapokea fedha badala ya nafaka. Ghala likiwa tupu unahitaji sababu, na sababu ilikuwa ukame: kila mwaka jimbo liliripoti ukame, na nafaka isiyokuwepo ikaandikwa kuwa imegawiwa wenye njaa. Mkuu wa mkoa wa Lanzhou, Jiang Quandi, alikaa ofisini akazipangia wilaya viwango vyao vya maafa. Wilaya hii ipate ukame kiasi hiki, ile kiasi kile. Gavana mkuu Leerjin akapitisha. Wakaguzi walipotumwa waliona maghala yamejaa. Mbao zilitandikwa chini, nafaka ikamwagwa juu.

Na malipo yake? Mwaka 1777 Wang alipandishwa kuwa gavana wa Zhejiang, jimbo tajiri, kwa sababu taarifa za Gansu zilikuwa nzuri. Ngazi ilifanya kazi yake sawasawa: mweka hazina mwenye mafanikio akawa gavana. Wale wa wilayani waliokuwa wamepitia mtihani walitia saini kama wengine.

Iligunduliwa kwa mvua. Mwaka 1781 Su Sishisan alipoongoza uasi karibu na Lanzhou, mawaziri Heshen na Agui walipelekwa pamoja na jeshi, wakamwandikia kaizari kwamba mvua inawachelewesha. Qianlong akashangaa: jimbo linalolia ukame kila mwaka, mvua hii inatoka wapi? Wakati huohuo mweka hazina aliyemrithi Wang, Wang Tingzan, alijitolea taeli 40,000 za kusaidia vita, na kaizari akauliza mtumishi wa Gansu amezipata wapi. Ndani ya miezi michache Wang Danwang alikatwa kichwa, Wang Tingzan akanyongwa, Leerjin akaamriwa ajiue, na zaidi ya maafisa 50 wakauawa kwa jumla.

Mali ya Wang huko Zhejiang ilitaifishwa. Aliyesimamia kuorodhesha alikuwa Chen Huizu, gavana mkuu wa Zhejiang na Fujian, mtu aliyepanda kwa ngazi hiyo hiyo. Vitu vilipofika Beijing havikulingana na orodha ya kwanza: dhahabu ilikuwa imebadilishwa kwa fedha, na vitu vizuri havikuwemo. Mwaka 1783 naye aliamriwa ajiue.