Utafiti Uholanzi: uzamivu ni kazi, ugumu huja baadaye

Kijana mwenye shahada ya uzamili akitaka kusomea uzamivu (PhD) Ulaya, kwanza husaka ufadhili. Kwa Uholanzi asianzie hapo. Katika taasisi za kitaifa za sayansi, ziwe za baraza la utafiti la NWO au za akademia ya kifalme ya KNAW, anayefanya uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa. Huomba kazi, husailiwa, kisha husaini mkataba wa miaka 4 hivi. Mshahara wake hufuata makubaliano na vyama vya wafanyakazi, na juu yake kuna posho ya likizo ya asilimia 8 na akiba ya pensheni.

Hilo ndilo jambo kubwa kwangu. Mwenye ufadhili huishi kwa hisani ya aliyempa. Mwenye mkataba ana haki za kudai, akiugua, akijifungua, hata akikosana na msimamizi. Vifaa navyo si haba. ASTRON, taasisi ya elimu ya anga iliyoko kijijini Dwingeloo, ndiyo iliyobuni darubini ya redio ya LOFAR. CWI ya Amsterdam, taasisi ya hisabati na kompyuta, ndiko Guido van Rossum alikoanzia lugha ya kompyuta ya Python mwaka 1989. Kwa wenzetu wa pwani ipo NIOZ, taasisi ya bahari yenye vituo Texel na Yerseke. Miaka ya 1990 watafiti wa Yerseke walichunguza mikoko na nyasi bahari za Gazi, kusini mwa Mombasa, pamoja na Wakenya, kwa hiyo bahari yetu si ngeni kwao.

Lakini taasisi hizi hazitoi shahada. Utatetea tasnifu katika chuo kikuu, chini ya profesa wa huko. Tena hazina wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo unaweza kumaliza miaka yote 4 bila kusimama darasani vya kutosha. Kwa anayetaka kubaki maabara hiyo ni neema. Kwa anayepanga kurudi Dar es Salaam au Nairobi kuwa mhadhiri ni pengo, na wanaosifia fursa hizi hawalisemi.

Uzito hasa huja baada ya uzamivu. Mikataba inayofuata huwa ya miaka 2 au 3, na nafasi za kudumu ni chache mno. Mtu hufika umri wa kulea watoto akiwa bado anahesabu miezi ya kibali cha ukaazi. Kupata nyumba Amsterdam ni kazi nyingine kabisa. Na hali ya fedha imekaza: serikali ya waziri mkuu Dick Schoof ilipopanga kupunguza bajeti ya elimu ya juu na utafiti, maelfu waliandamana The Hague Novemba 2024.

Wapo wanaosema kwa sababu hizo tusiende, tutapoteza vichwa vyetu. Siwaungi mkono. Uzamivu wenye mshahara ni wa kuukimbilia. Mkataba wa pili wa muda baada ya hapo ndio wa kuupima kwa makini, na wa tatu sioni sababu ya kuusaini bila ahadi ya maandishi. Kwenye usaili uliza mapema: shahada itatoka chuo gani, nitafundisha saa ngapi, na waliomaliza kabla yangu sasa wanafanya kazi wapi?