Mbona Cosmos ya 2014 mnaionea hivyo?
Nyie mnaosema Cosmos ya 2014, ile series ya TV kuhusu ulimwengu, imeiharibu ile ya 1980 ya mwanaastronomia Carl Sagan, nahisi mmeangalia dakika tano mkazima tivii. Sawa, katuni za Giordano Bruno, yule mwanafalsafa wa Italia wa karne ya 16, hata mimi zilinichosha, na matangazo yanakatakata stori, ile ya zamani ilirushwa PBS, televisheni ya umma ya Marekani, matangazo hakuna. Ila pale mwisho wa episodi ya kwanza mtangazaji wake Neil deGrasse Tyson anapotoa diari ya Sagan ya 1975 na jina la Tyson limo humo, kumbe enzi hizo ni dogo wa miaka 17 wa Bronx, New York, kaalikwa Ithaca, mji alikofundisha Sagan, na mwanasayansi mkubwa vile mpaka kapewa kitabu chenye sahihi, aisee niliganda. Halafu Ann Druyan, mjane wa Sagan, kashiriki kuandika zote mbili, sasa nyie mnamtetea nani??