Ndege za "-ngali-": uongo mmoja unatosha

Kwenye rafu ya sebuleni kwangu, Dar es Salaam, imesimama ndege ndogo ya plastiki yenye urefu wa sentimita 14 na upana wa mabawa usiofika sentimita 12. Ni Fiat G.91, ndege ya kivita iliyobuniwa Italia katika miaka ya 1950, iliyopunguzwa kwa skeli ya 1/72. Mkiani ina bendera ya Tanzania na ubavuni ina herufi JW, zile zinazotangulia namba za ndege za Jeshi la Wananchi. Wageni wanaojua kidogo mambo ya ndege huisogelea, hukunja uso, kisha huuliza ni lini tulikuwa na ndege hiyo. Hatukuwahi kuwa nayo. Niliijenga kwa makusudi, nikijua hivyo tangu gundi ya kwanza.

Wapo watu wengi duniani, hasa Uingereza, Marekani na Kanada, ambao burudani yao ni hiyo: kununua seti ya plastiki ya ndege ya kivita na kuijenga jinsi ambavyo haikuwahi kuwa. (Nasema seti kwa sababu nyumbani kwangu ukitamka jina lake la Kiingereza, "kit", mtu anakuvutia kiti ukae.) Wengine huipa ndege alama za nchi ambayo haikuinunua, wengine humalizia mradi uliofutwa ukiwa bado kwenye karatasi, na wengine huunganisha mabawa ya ndege moja na kiwiliwili cha nyingine. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na kiungo cha kitenzi kinachobeba jambo hili zima bila maelezo: -ngali-. Ingalinunuliwa, ingaliruka, isingalifutwa. Kwa hiyo mimi huziita ndege za ngali.

Nina msimamo mmoja kuhusu ndege hizi, na najua wenzangu kadhaa hawaupendi. Ndege ya ngali inaruhusiwa uongo mmoja tu. Mjenzi achague uamuzi mmoja uliofanyika kweli, mahali fulani, mwaka fulani, augeuze, kisha kila kitu kingine kitii ukweli: bajeti, vipuri, urefu wa uwanja, ugomvi wa wanasiasa, hata uchakavu wa rangi. Anayeongeza uongo wa pili ili kuupamba wa kwanza anakuwa amechora katuni. Sina ugomvi na katuni, ila zisikae rafu moja na kazi iliyofikiriwa.

Mfano unaojengwa sana ni TSR-2, ndege ya kivita ya Uingereza. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Septemba 1964, rubani akiwa Roland Beamont, na tarehe 6 Aprili 1965 serikali ya chama cha Labour ikaufuta mradi siku ya kusomwa bajeti. Ni ndege moja tu, XR219, iliyowahi kupaa, tena mara 24, na baadaye ikapelekwa Shoeburyness kutumika kama shabaha ya majaribio ya silaha. Waingereza wapenda ndege hawajasahau kidonda hicho mpaka leo, na kampuni ya Airfix ilipotoa seti yake mwaka 2006 walijua wanachokinunua. TSR-2 zilizopaa katika mawazo ya watu tangu hapo ni nyingi kuliko ndege nyingi zilizopaa angani.

Sasa tazama wanavyozijenga. Wengi huipaka ile rangi ya waridi iliyofifia ambayo Waingereza walizipaka ndege zao za kivita za Tornado kwa ajili ya jangwa katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Inapendeza, sikatai. Lakini TSR-2 iliyoponea bajeti ya 1965 ingekuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 ilipofika jangwani. Ingekuwa imefungiwa antena mpya, vifaa vya kuzubaisha rada za adui na viraka vya kila aina. Mjenzi anayechukua umbo safi la 1964, lile jeupe lililotoka kiwandani, na kulipaka waridi ya 1991 ametuambia kwamba mradi haukufutwa na pia kwamba ndege za kivita hazizeeki. Uongo wa pili ndio unaoiua kazi yake. Namheshimu zaidi yule anayeijenga TSR-2 ya Australia, kwa sababu analazimika kurudi nyuma hadi Oktoba 1963, Australia ilipochagua F-111 ya Marekani kabla TSR-2 haijaruka hata mara moja. Mtu huyo amesoma. Anajua mlango ulikuwa wapi na nani aliufunga.

Mlango wangu mimi ni Februari 1965. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana Aprili mwaka uliotangulia, na Zanzibar ilikuwa tayari na uhusiano na Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi ilishikilia kanuni ya Hallstein, kwamba nchi inayoitambua Ujerumani Mashariki isitegemee urafiki wa ile ya Magharibi. Dar es Salaam ilipokubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi waliokuwa wakisaidia kuanzisha kikosi chetu cha anga. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kama ni hivyo basi wachukue na misaada mingine ya serikali yao. Nafasi ile ya kijeshi ikajazwa na Kanada, iliyoleta wakufunzi na ndege za usafirishaji aina ya Caribou na Otter, na baadaye China, ambako marubani wetu walikwenda kujifunza ndege za jeti. Hiyo ndiyo historia. Mimi nikaweka -ngali- yangu hapo: wakufunzi wale wasingaliondoka.

Kwa nini G.91? Kwa sababu ndiyo jeti nyepesi ambayo Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiitumia wakati huo, iliyoundwa makusudi kutua na kupaa kwenye viwanja vya nyasi visivyo na lami. Na kwa sababu nyingine iliyonishika koo nilipoanza kusoma. Mwaka 1966 Ujerumani Magharibi iliipa Ureno G.91 zipatazo 40, na kufikia mwisho wa muongo huo ndege hizo zilikuwa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, zikiwapiga wapiganaji wa FRELIMO ambao kambi zao za nyuma zilikuwa kwetu, Kongwa na Nachingwea. Ndege niliyokuwa nikiibandika bendera ya Tanzania ilikuwa kweli katika eneo letu, miaka ileile, ila ng'ambo ya pili ya Ruvuma. Niliacha kisu mezani jioni ile. Kwa hiyo -ngali- yangu ikabidi ibadilike: Bonn ingalichagua Dar es Salaam badala ya Lisbon, na baadhi ya ndege zilezile 40 zingalishuka kwetu. Hapo ndipo hoja yangu inapolegea, maana Ujerumani Magharibi ilikuwa inajenga kambi kubwa ya anga Beja, ndani ya Ureno, nayo Ureno ilikuwa mwenzake katika NATO. Ni uongo mmoja, lakini ni mkubwa, nami naubeba.

Aliyenisahihisha zaidi ni mzee mmoja jirani yangu, fundi wa ndege mstaafu. Nilimpelekea ndege ikiwa karibu kwisha, na chini ya kila bawa nilikuwa nimeshaning'iniza safu za roketi kwa sababu zilikuwemo kwenye seti na zinavutia macho. Aliigeuza tumbo juu kwanza, akatazama magurudumu.

"Mwanangu, hii ingetua Nachingwea?"

"Ingetua, mzee. Imetengenezwa kwa viwanja vya nyasi."

"Sawa. Na vipuri, angelipia nani?"

Sikuwa na jibu. Injini ya G.91, Orpheus, ilibuniwa Uingereza, na Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Wajerumani walikuwa na leseni ya kuiunda, kwa hiyo vipuri vingetoka kwao, polepole, kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Nilizitoa roketi nikaacha matangi mawili ya mafuta. Kisha nikafanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika ndege hiyo: kifuniko kimoja cha ubavuni, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nilikipaka kijani tofauti na kilichokizunguka, kana kwamba kimeng'olewa kwenye ndege nyingine isiyoruka tena. Mzee alipokiona alicheka hadi akakohoa. Hakuhitaji kuelezwa.

Kazi yenyewe ya mikono haikwenda vizuri kama ninavyoisimulia. Dar es Salaam ya mwezi wa nne haina huruma na rangi ya kupuliza. Unyevu huiingia kabla haijakauka na ikabaki na ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Nililazimika kusugua bawa zima kwa msasa wa maji na kuanza upya alasiri kavu. Halafu bendera. Nilichapisha stika mbili zinazofanana, moja kwa kila upande wa mkia, nikazilowesha, nikaziteleza mahali pake kwa brashi, nikajipongeza. Kesho yake ndipo nilipoona kwamba upande wa kulia bendera ilikuwa inaruka kinyumenyume. Pembe ya kijani, ambayo hukaa upande wa mlingoti na hivyo kutazama pua ya ndege, ilikuwa imeelekea nyuma. Upande huo unataka bendera iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Stika iliyokauka haing'oki nzima. Niliitoa kwa utepe wa gundi, vipande kwa vipande, ikaondoka na sehemu ya rangi.

Liko kundi moja la ndege za ngali ambalo sijawahi kulipenda, nalo ni zile za Ujerumani ya Hitler iliyoendelea kupigana mwaka 1946. Michoro yake inavutia, na ndege za Horten, zenye umbo la bawa tupu, ambazo mojawapo iliruka kweli mwanzoni mwa 1945, ni nzuri kuzitazama. Lakini wajenzi wake hubadilisha mwisho wa vita kisha hawaulizi swali la mzee wangu. Tunajua ndege za mwisho za utawala ule ziliundwa na nani: jeti ya He 162 iliunganishwa chini ya ardhi, Hinterbrühl, Austria, na wafungwa wa kambi ya mateso iliyokuwa tawi la Mauthausen. Anayeongeza mwaka mmoja wa vita anawaongezea na wao mwaka mmoja. Sijaona hata mmoja aliyeliweka hilo kwenye maelezo ya ndege yake, naye anaweza kutumia juma zima akibishana juu ya tofauti ndogo ya rangi ya kijivu.

Binamu yangu anayeishi Hamburg aliniletea G.91 ya pili alipokuja likizo, sanduku limebonyea pembe moja kwenye begi. Hii haitakuwa ya ngali. Nitaipaka kama zilivyokuwa Nacala, na msalaba mwekundu wa Ureno kwenye mabawa, na safari hii roketi zitabaki. Vipimo vya rafu nimeshachukua. Zikitazamana, zitaachana kama sentimita 20 hivi.