Tafuta kwanza kliniki ya kurudi, bingwa atafuata

Familia ikishabaini kwamba kijana wao anajibizana na watu wasioonekana, simu ya kwanza hupigwa Dar es Salaam: tutafutieni bingwa huko. Nauli inachangwa, kijana anapandishwa basi, anaonwa na daktari mzuri kabisa, kisha anarudi Mwanza na dawa za mwezi mmoja. Mwezi ukiisha dawa nazo zimeisha, na bingwa yuko zaidi ya kilomita elfu moja. Matibabu mengi ya skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hukatikia hapo.

Kwa maoni yangu mtu wa Kanda ya Ziwa aanzie upande wa pili. Atafute kwanza mahali anapoweza kurudi kila mwezi kwa miaka, ndipo amtafute bingwa wa kusimamia matibabu yanayotolewa hapo. Ugonjwa huu haumalizwi kwa dozi moja. Baada ya shambulio la kwanza dawa huendelea walau mwaka mmoja hadi miwili hata kama sauti zimenyamaza, na wengi huzihitaji kwa muda mrefu zaidi. Daktari unayemwona mara moja, hata awe na sifa za namna gani, hawezi kukufanyia kazi hiyo.

Bingwa wa magonjwa ya akili unamhitaji katika vituo vichache vya safari. Cha kwanza ni kuuthibitisha ugonjwa. Kingine ni pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na kwa wiki sita hivi, zinaposhindwa kufanya kazi. Kuna ujauzito, na kuna mgonjwa anayetaka kujiua. Huyo wa mwisho hasubiri siku ya kliniki. Katikati ya hapo, kazi ya kila mwezi inafanywa vizuri tu na tabibu au muuguzi aliyesomea afya ya akili. Mwanasaikolojia husaidia kwa mazungumzo na familia, ila usimtegemee akuandikie dawa.

Mabingwa kwa Kanda ya Ziwa utawapata Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Kabla ya kupanda kile kilima pitia kituo cha afya au hospitali ya wilaya yako, au Sekou Toure ambayo ni ya rufaa ya mkoa, uulize siku ya kliniki ya afya ya akili na uchukue barua ya rufaa. Barua hukupunguzia kuzungushwa madirishani, na mwenye bima ataulizwa. Mtu anayepiga watu, aliyeacha kula au anayetaka kujitoa uhai apelekwe idara ya dharura moja kwa moja, barua baadaye. Na akilazimika kushikwa, ashikwe na watu anaowafahamu. Kamba ya katani kwenye vifundo vya mikono, kutoka Kwimba hadi mjini, inaweza kuua mishipa ya fahamu, akabaki na kiganja chenye ganzi au kisicho na nguvu hata baada ya akili kutulia.

Siku ya kwanza nenda na karatasi moja, nusu ukurasa inatosha. Usingizi ulibadilika lini, aliacha lini kuoga au kwenda kazini, anasema anasikia nini, anavuta bangi au hapana, aliwahi kuanguka kifafa, nani kwenye ukoo aliwahi kuugua hivi, amekunywa dawa gani za hospitali na za mganga. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema haumwi. Ndugu watatu wakizungumza kwa mpigo, daktari ataondoka na habari za nani kamroga na hatajua tarehe hata moja.

Daktari anayejua kazi hataandika skizofrenia kabla ya kuhakikisha si kitu kingine. Aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili huku ana homa apimwe malaria na homa ya uti wa mgongo kwanza. Sukari, kaswende na virusi vya UKIMWI vinaweza kuvuruga akili, na mama aliyejifungua wiki iliyopita ana njia yake ya matibabu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, dalili lazima ziwe zimedumu mwezi mmoja au zaidi. Ukipewa jina la ugonjwa ndani ya dakika tano bila kuguswa wala kupimwa, una haki ya kutafuta jicho la pili.

Kipimo changu cha daktari ni swali moja: je, ameuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na saa ngapi? Huku kwetu swali hilo lina uzito. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi siku za giza, mwezi usipoangaza, anatoka jua likizama na kurudi alfajiri. Ukimwandikia kidonge cha usiku kinacholeta usingizi mzito, atachagua kati ya mawili: kukimeza akasinzia mtumbwini, au kukiacha. Ataacha, wiki mbili za kila mwezi, na nyumbani hakuna atakayejua. Kukesha kwenyewe kunaweza kuamsha ugonjwa. Huyu anahitaji kuzungumziwa kazi ya nchi kavu kwa miezi ya mwanzo, au sindano ya muda mrefu kama flufenazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Modecate. Huanzia dozi ndogo ya kujaribu, miligramu 12.5, kisha mara nyingi 25 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Anayeanika dagaa mchana kutwa akipewa Largactil, yaani klopromazini, aambiwe juu ya jua, maana dawa hiyo hufanya ngozi iungue upesi.

Linalowafanya wengi waikimbie hospitali ni shingo. Siku chache za mwanzo za haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande, macho yakakwama juu, ulimi ukatoka nje. Nyumbani watasema jini limepanda, na hapo safari ya kwa mganga inaanza upya. Ni madhara ya dawa, na yana tiba yake: sindano ya promethazini au kidonge cha Artane, shingo inarudi. Koo likibana asisubiri asubuhi. Joto kali pamoja na mwili kukakamaa kama gogo ni hatari kubwa zaidi: simamisha dawa, mkimbizeni usiku huohuo. Olanzapini haina sana mambo ya shingo lakini hunenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo mizani iwepo kliniki. Na mtu akitaka kukuanzishia klozapini bila kutaja kupima damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kataa. Dawa hiyo inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu.

Kuhusu mganga na maombi, sioni faida ya kugombana na bibi. Aombewe, asomewe. Masharti yangu ni haya: asifungwe mnyororo, asilazimishwe kufunga kula akiwa dhaifu, asinyweshwe mitishamba juu ya dawa, na asiambiwe aache vidonge ili kuonyesha imani.

Kuacha dawa kunadanganya. Mtu akiacha leo, kesho haumwi, wiki ijayo anacheka na watu, na kila mmoja anasema amepona. Ugonjwa hurudi baada ya wiki au miezi, kwa waliokuwa wakichomwa sindano huchelewa zaidi, na wakati huo hakuna anayekumbuka kidonge kilichoachwa.

Wa Ukerewe na visiwa vingine waombe jambo moja kabla ya kuondoka Bugando: barua ya kurudi kwenye kituo cha karibu. Iandikwe dawa kwa jina lake halisi wala si la kampuni, dozi, tarehe ya sindano ya mwisho na ya ijayo, dawa mbadala ikiwa ya kwanza imeisha stoo, na dalili zipi zikionekana arudishwe kwa bingwa. Piga picha barua hiyo kwa simu ukiwa bado hapo dirishani, maji ya ziwa hayajaigusa, na hakikisha unaweza kuusoma mwandiko.